Kliniki Yao Iligeuzwa Stoo ya Barakoa

Saa moja kasorobo asubuhi. Mwanamke aliyevaa gauni la kijani na glavu ndefu za mpira anasukuma toroli la mashuka machafu katika chumba cha kufulia cha hospitali moja kubwa. Anapekua kila shuka kabla ya kulitia kwenye mashine. Leo ameshakuta mkasi, kijiko, na meno bandia kutoka wodi ya wanaume.

"Kuna mzee huko juu leo atakunywa uji tu," anasema, huku akiyatia meno kwenye mfuko safi ili yarudishwe. Wenzake wanaangua kicheko.

Manesi wanamwita Mama Shuka. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na kumi na saba kati ya hiyo ameimaliza humu, kwenye mvuke na harufu ya dawa ya madoa. Kabla ya saa nne atakuwa ameingia chooni mara mbili kumwaga mfuko mdogo wa plastiki uliobandikwa upande wa kulia wa tumbo lake. Haja kubwa hupitia humo tangu madaktari walipouondoa utumbo wake mpana wote.

Hakuwahi kuugua korona. Lakini ukimuuliza yaliyompata yalianza lini, hasiti.

"Korona ilishambulia mapafu," anasema. "Sisi wa matumbo tuliumizwa na binadamu wenzetu."

Miaka mitatu kabla ya janga aligundulika kuwa na ugonjwa wa kuvimba utumbo mpana, ule unaomfanya mtu aharishe damu hata mara kumi na tano kwa siku. Alipewa dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa sababu kinga hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla utumbo. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi alivuka ua, akaingia kliniki ya tumbo, akapimwa, akagongewa muhuri wa dawa.

"Nilikuwa nakula, nanenepa, nagombana na watu," anakumbuka. "Nilikuwa mzima."

Kisha janga likaingia. Jumanne moja alikuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: huduma zisizo za dharura zimesitishwa. Wiki mbili baadaye msimamizi wake alimtuma kuchukua barakoa stoo. Stoo yenyewe ilikuwa kliniki ile. Kwenye kitanda alichozoea kulala akipimwa, maboksi yalipangwa hadi karibu na dari.

"Nilisaini, nikabeba boksi langu, nikatoka. Ningefanya nini?"

Mashuka ya wodi ya korona yalikuwa yakija kwake, yeye ambaye kinga yake ilikuwa imepunguzwa makusudi. Aliomba ahamishiwe chumba cha kupigia pasi. Msimamizi alimjibu mbele za watu: "Tumbo? Nani hapa hana tumbo?"

Nilimtafuta msimamizi huyo. Hakukana. "Tulipewa orodha ya walio hatarini," alisema, macho yake yakiwa chini. "Kisukari, presha, pumu, moyo. Tumbo halikuwemo. Mimi nilifuata karatasi."

Karatasi hiyohiyo iliwafungia pia wafuaji choo cha jirani na chumba cha kufulia, kikaachiwa wahudumu wa wodi peke yao. Kilichobaki kilikuwa ghorofa ya pili, na Mama Shuka alikuwa ndani ya vazi la kujikinga lililozibwa kwa utepe wa gundi shingoni na mikononi.

"Siku moja sikuwahi," anasema, na kwa mara ya kwanza mikono yake inatulia. "Nilisimama palepale ndani ya lile vazi, nikalia ndani ya barakoa. Hakuna aliyejua. Nikamaliza zamu."

Dawa nazo zikaanza kuisha. Dirisha la dawa lilitaka muhuri wa kliniki, na kliniki ilikuwa imejaa maboksi. Alizikata tembe nusunusu kwa kisu cha jikoni ili za wiki tatu zifike wiki sita. Zilipokwisha, damu ilirudi, na homa ikaja nayo.

Mdogo wake, mshona nguo anayeishi naye, alimpeleka hospitali. Getini walimpima joto, wakasikia anaharisha, wakamwelekeza kwenye hema la washukiwa wa korona.

"Niliwapigia kelele, someni kadi yake, ugonjwa wake umeandikwa!" anasimulia mdogo mtu. "Mlinzi akaniambia, 'Dada, hapa hatusomi kadi, tunapima joto.' Dada yangu amefua mashuka ya hospitali hiyo miaka yote hiyo, halafu hakuna hata wa kumsomea kadi!"

Siku tano alikaa hemani kwa maji ya dripu na vidonge vya homa. Siku ya tano majibu yalitoka: hana korona. Siku ya sita utumbo ulitoboka, akakimbizwa chumba cha upasuaji. Alirudi kazini baada ya miezi saba.

Kliniki ilifunguliwa baada ya mwaka na miezi miwili. Jumanne hiyo ya kwanza, benchi lilikuwa na nafasi tele. Mama Shuka akamuuliza muuguzi, "Wenzangu wako wapi?" Muuguzi akafungua rejista ya wagonjwa. Ilimchukua mwezi mzima kuwapigia simu wote mia moja thelathini na mmoja.

Ishirini na wawili walikuwa wamefariki. Ni watatu tu waliouawa na korona. Wengine walitoka damu nyumbani, au walingoja kipimo cha kamera ya tumboni hadi uvimbe ukawa saratani.

"Hao hawamo kwenye hesabu yoyote ya janga," anasema muuguzi. "Wamo kwenye rejista yangu tu."

Wiki ijayo Mama Shuka na wagonjwa wenzake kumi na mmoja watakutana na bodi ya hospitali. Wanataka iandikwe kwamba likija janga jingine, kliniki itawapigia simu wagonjwa wake, na dirisha la dawa halitamrudisha mtu kwa kukosa muhuri. Katibu wa bodi amewashauri waende na mtaalamu wa kuwasemea.

"Nikamwambia, mtaalamu anakuja, ana mfuko tumboni," anasema.

Familia za marehemu zimempa ruhusa ya kutaja majina.

"Kabla ya lolote nitawaomba wasimame. Nitasoma majina ishirini na mawili, polepole. Na mtu asikae mpaka nimalize."