Simu ya Dirishani

Kwenye nondo za dirisha la sebuleni kwa Felista Simbeye, mtaa wa Majengo, Tunduma, ilining'inia chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa nusu. Ndani ya chupa ilikaa simu ndogo ya vitufe. Haikuwekwa pale kwa kukosa meza. Laini yake ilikuwa ya Zambia, na katika nyumba nzima ni dirisha lile tu, linalotazama Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ambapo mtandao wa ng'ambo ulishika. Ukiisogeza kuelekea chumbani, imekufa. Brian, mtoto wa darasa la pili, aliiita "ya baba."

Baba ni Barnaba, fundi wa mitambo mikubwa, mwaka wa nne sasa katika mgodi wa shaba kule Kitwe, Zambia. Alianzia machimboni Saza, akifufua karasha, zile mashine za kusaga mawe, za wachimbaji wadogo wa dhahabu, akilipwa siku mawe yanapotoa na kukopwa siku yasipotoa. Ndipo akavuka kwenda panapolipwa kila mwezi.

Felista mwenyewe alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mawakala wa forodha, karibu na geti la mpaka. Mwaka huo wa 2013 majirani zake walikuwa bado wanapanga foleni kununua umeme wa LUKU. Yeye aliununua kwa simu huku anageuza chapati. Betri ya lori iliyokataliwa na wenye lori aliiunganisha na inveta, umeme ukikatika mtaa mzima kwake taa zinawaka. Ada, matofali, dawa, mchango wa kanisani, vyote vilikuwa na safu yao kwenye laptop. Alikuwa na simu tatu: ya ofisi, ya kwake, na ya dirishani.

"Mama Brian, nyumba yako ina kila kitu," Enesi, jirani yake anayeuza vitenge kule mpakani, alimwambia. "Imekosa mtu wa kugombana naye tu."

"Si upo wewe?"

Enesi akatia neno la heshima la Kibemba: "Mimi nagombana nawe bure, mukwai. Tafuta wa kulipia."

Walicheka wote wawili, lakini Enesi alipoondoka Felista alikwenda dirishani kuangalia kama mtandao upo.

Saa zote za nyumba ile zilikwenda pamoja: ya ukutani, ya king'amuzi, ya laptop. Felista hakuvumilia saa iliyopotoka. Moja tu aliiacha, ya simu ya dirishani, kwa sababu Barnaba aliinunua Kitwe na kuituma ikiwa tayari inasoma saa za Zambia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa moja. Sisi wa Tunduma tumezoea, mtu akikupangia miadi unamuuliza, "Ya huku au ya kule?" kama wengine wanavyouliza habari za watoto. Felista hakuiacha kwa mazoea. Alfajiri akiwa anachemsha chai, akiitupia jicho chupa ile, alijua mumewe bado amelala. Brian akivaa viatu vya shule, alijua sasa ndiyo anaamka, anatafuta soksi. Barnaba alizungumza kwa saa za kule, mkewe alisikia kwa saa za kule, wakaelewana.

Na nje ya dirisha hilo hilo, malori. Yamepanga foleni kutoka mpakani, mengine yameharibika na vichwa vimeinuliwa, matingo, wasaidizi wa madereva, wamelala chini yake kwenye maboksi wakisubiri mtu anayejua kufungua gia boksi. Nani atanieleza hesabu hii? Mji umejaa mashine mbovu, na fundi wake tumempeleka nchi ya watu akatengeneze za kwao, kisha tunaita hiyo bahati. Soko limefunguliwa, tunaambiwa, kila mtu aende anakoitwa. Hakuna anayeuliza anayebaki ameitwa na nani.

Felista aliuliza, kwa njia yake. Mkataba wa Barnaba ulikuwa unaisha Novemba, na mgodi ulitaka asaini miaka miwili tena. Yeye akatafuta mahali pa kumfungulia gereji. Mzee Yonathani, mwenye yadi pembeni ya maegesho ya malori, alikuwa na kona yenye shimo la kuingilia chini ya gari na bati juu yake. Felista akapiga mahesabu yote: vifaa, kodi, miezi ya mwanzo ya kufunga mkanda. Akamtumia mumewe yote kwa ujumbe, kipande kwa kipande, mpaka kikasha cha simu yake kikajaa.

Barnaba akapiga.

"Mama Brian, hesabu zako nimezisoma. Zinasema naweza kurudi."

"Eeh. Ukibana kidogo mwanzoni."

"Na wewe unasemaje?"

"Si ndiyo hayo hayo, Baba Brian?"

"Siyo hayo hayo. Hiyo ni laptop inaongea. Unakumbuka stendi ya Nakonde siku naondoka uliniambia nini?"

Alikumbuka. Basi lilikuwa linaunguruma, Brian amemng'ang'ania kitenge, na alichoweza kusema ni: "Chaja umeweka?" Aliogopa kwamba neno jingine lolote lingemvuta mwanaume ashuke kwenye basi, na baadaye, njaa ikija, lawama ingekuwa yake.

"Nisikilize," Barnaba akasema. "Jumapili saa mbili usiku nitapiga. Karatasi wanaitaka usiku huo huo. Usiniandikie, nimechoka kusoma. Nataka nikusikie ukisema nirudi. Usiposema, nasaini, na sitakulaumu."

"Sawa. Saa mbili."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mpakani, hakuuliza ya wapi.

Jumapili umeme ulikatika tangu mchana. Jioni Felista akaona simu ya dirishani imebakiza kijistari kimoja cha chaji. Akaitoa kwenye chupa, akaipeleka chumbani kwenye inveta. Huko mtandao hakuna, alijua, lakini muda ulikuwepo wa kutosha. Uso wa simu ulionyesha hata saa moja bado. Kisha akazima zile simu nyingine mbili. Wateja wa malori hawajui Jumapili, na usiku huu hakutaka mtu yeyote amuulize nyaraka zimefika wapi. Alitaka kuwa na mtu mmoja.

Akaoga. Akavaa kitenge cha kijani alicholetewa Krismasi iliyopita. Akaosha vyombo huku anajizoeza chini chini: "Rudi. Baba Brian, rudi. Rudi nyumbani."

"Nani arudi?" Brian akauliza.

"Kula ugali."

Uso wa simu ulipokaribia saa mbili, akaichomoa imejaa chaji, akairudisha kwenye chupa, akavuta stuli. Mtandao ukashika. Saa mbili ikafika, ikapita. Akaongeza sauti ya mlio ingawa ilikuwa ya mwisho. Akapiga yeye; mwanamke wa kwenye mtandao akamwambia kwa Kiingereza cha upole kwamba mtu huyo hapatikani. Akapiga tena. Neno alilojizoeza kulisema lilikuwa limemkaa mdomoni kama punje ya mahindi. Alilala akiwa nalo.

Asubuhi, Brian akiwa anavaa viatu, simu ikaita ndani ya chupa.

"Ulikuwa wapi?" Sauti ya Barnaba ilikuwa imechoka, nyuma yake vyuma vinagongana.

"Mimi? Nilikuwa hapa dirishani mpaka miguu ikafa ganzi! Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilipiga saa mbili. Haipatikani. Nikapiga yako ya Tanzania, imezimwa. Ya ofisi, imezimwa. Mke wangu ana simu tatu, nikasema, na zote leo zimenyamaza. Basi, nimejibiwa. Nikashuka shimoni."

"Saa mbili nilikuwa nimekaa hapa hapa!"

"Mama Brian, saa mbili kamili nilikuwa nimeshika simu."

Felista akaitazama saa ya ukutani, kisha ile ya simu.

"Saa mbili ya wapi?" akauliza taratibu.

Chuma kimoja kikaanguka.

"Ya nyumbani," Barnaba akasema.

"Tangu lini wewe unatumia ya nyumbani?"

"Tangu wameanza kuniuliza habari za mkataba. Nimeirudisha saa yangu ya mkononi kwenye saa za nyumbani. Nikiamka nataka kujua Brian ameshaenda shule au bado. Wenzangu hapa wananicheka, wananiuliza kwenye hiyo saa ijayo kutakuwa na mboga gani." Alijaribu kucheka na yeye. "Nilidhani unajua. Yaani, niliona kama na wewe uko kwenye saa hiyo, basi sikukwambia."

"Mimi niko kwenye yako," Felista akasema. "Mwaka wa nne."

Brian alikuwa amesimama na kiatu kimoja mguuni, anamtazama mama yake.

"Umesaini?"

"Nimesaini."

"Miwili?"

"Miwili."

Kwenye laptop kulikuwa na safu tayari kwa jibu hilo pia. Alikuwa ameiandaa, kama alivyoandaa kila kitu. Hakuifikiria hata kidogo. Akazishika nondo za dirisha kwa mkono mmoja.

"Rudi," akasema.

"Mama Brian, nimeshakwambia karatasi wame..."

"Nimesikia. Sikuulizi kitu. Nakwambia rudi. Ukimaliza hiyo miwili, rudi. Wakikufukuza kesho, rudi. Ukiumwa kichwa tu, rudi."

Pumzi ya Barnaba ilisikika, ikaenda, ikaja.

"Sema tena."

Akasema tena. Alisema mpaka salio la mumewe likaisha, na Brian akachelewa shule.

Mchana Mzee Yonathani alimpitia ofisini, kofia mkononi.

"Mwanangu, ile kona. Fundi anakuja, au nimpe mwingine? Watu wananisumbua."

"Anakuja, mzee."

"Lini?"

Felista, anayejua tarehe ya kila kontena linalovuka geti lile, alifungua mdomo akakosa tarehe. "Usimpe mtu," akasema. "Kodi nitaanza kuleta mwezi huu." Mzee akamtazama, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuuliza zaidi.

Jioni Felista aliitoa simu kwenye chupa, akaingia kwenye mipangilio yake, akaanza kuisogeza saa mbele.

Brian akamrukia mkono. "Mama, usiharibu! Sasa tutajuaje kama baba ameamka?"

"Baba anatumia saa ya kwetu."

"Kwani amerudi?"

"Saa yake ndiyo imetangulia."

Akabonyeza, akairudisha simu kwenye chupa. Ng'ambo, taa za Nakonde zilikuwa zinaanza kuwaka. Kwa mazoea aliitazama simu ile ajue mumewe yuko wapi saa hizi, ikamwambia tu kwamba ni wakati wa kuinjika ugali.