Faili la Kukanyaga

Ninauza vifaa vya ofisi mjini Kasese, katika chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi na rafu za ukutani, na kwa sababu hiyo watu hudhani nayapenda mafaili. Siyapendi. Lile tunaloliita boksi faili, lenye mgongo mpana na vyuma viwili vilivyopinda ndani yake, lina kiburi. Ukiinua kijiti chake, vyuma vinaachana. Unachomeka karatasi zilizotobolewa, unashusha kijiti, vyuma vinakutana tena kwa kishindo. Kidole kikiwa katikati, shauri yako. Linashika karatasi kweli, hilo silikatai. Lakini kulifungua kunataka mkono mmoja wa kulikandamiza na mwingine wa kuvuta kijiti, na bado kuna karatasi yenyewe, ambayo nayo inataka mkono. Jambo hilo sikulifikiria hata siku moja mpaka mama yangu alipobaki na mkono mmoja.

Wazazi wangu wanaishi Bwera. Baba alitoka upande wa Kenya, akawa fundi wa mitambo mgodini na baadaye kwenye kiwanda cha saruji. Mama ni mzaliwa wa Maliba. Lugha zao hazikukutana popote, kwa hiyo sisi tulilelewa kwa Kiswahili, hiki chetu cha kuokoteza, kila mtu akikivuta upande wake. Baba alipostaafu wakahamia Bwera, na mama akajiunga na kwaya ya kanisa. Sauti hana. Husema mwenyewe kwamba Mungu alipokuwa akigawa sauti, yeye alikuwa ameenda kuteka maji. Kwaya ilimpa karatasi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila wimbo una nakala zake, zimetobolewa na kupangwa ndani ya boksi faili. Ibada ikianza, mwalimu wa kwaya anataja wimbo, mama anafungua faili, anatoa nakala, kisha anapita kwenye mstari akimpa kila mwimbaji yake. Anampa kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kama alivyotufundisha sisi tangu tukiwa hatujui kusimama sawasawa. Wimbo ukiisha anazikusanya na kuzirudisha. Simu hazina nafasi pale. Mwalimu ni mwanajeshi mstaafu, wote wanamwita afande, na siku simu ya mtu ilipolia katikati ya zaburi alinguruma, "Simu yote lete hapa! Kwaya inaimba na karatasi!" Tangu hapo hakuna aliyejaribu.

Kiharusi kilimpata mama akipepeta maharage. Ulimi ulirudi, mguu wa kulia ukarudi nusu, lakini mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia tu. Kwaya ilikuja kumwona na mkungu wa ndizi na kuku, wakaimba, wakaomba. Mwisho afande akasema kwa sauti ya upole ambayo sikujua kama anayo, "Mama, sasa wewe pumzika. Kazi ya karatasi tutapa mutu mwingine. Wewe kaa mbele, sikiliza."

Mama alishukuru. Walipotoka tu, akageukia ukuta.

"Wananiambia nipumzike," alisema. "Mutu anapumzika akiwa kwa kaburi."

Nilimfuata afande barabarani kabla hajapanda bodaboda. Sina haya katika mambo ya mama yangu. Nilimwambia asimpe mtu yeyote kazi ile mpaka Jumapili ya mavuno, na ikiwa siku hiyo mama hataweza, basi. Aliniangalia kama askari aliyepewa amri na raia, lakini akakubali.

Baba alichukua boksi faili la kwaya, akalilaza mezani karibu na jiliwa lake la kubania vyuma, akalifungua na kulifunga mpaka nikataka kupiga kelele.

Mimi nilianza kutafuta. Nilipekua rafu zangu zote, nikauliza Kasese nzima, halafu nikaenda soko la mpakani, ambako vitu vya Kongo huwa tofauti kidogo. Mchuuzi mmoja wa ng'ambo alinionyesha faili la bluu. "Kuya uone, mama. Hii klaseri iko nguvu. Ukifunga, karatasi haitokake hata ukiitupa kwa mayi." Nikamwuliza kama linafunguka kwa mkono mmoja. Alilijaribu pale pale, likamponyoka, likaanguka kwenye dagaa za jirani yake. "Mukono moja ni shida," alikiri. "Mungu alitupa mbili juu ya klaseri." Nilicheka, ingawa moyoni sikuwa na kicheko. Nililinunua hivyo hivyo ili baba apate vyuma vya kuchezea.

Alianza na lililo rahisi. Alipigilia faili kwenye ubao mzito na kuweka vipande vya tyubu chini yake ili lisiteleze. Akatia ndoano ya kushika jalada lisirudi. Kila alipomaliza kitu alilijaribu faili: anafungua, anatoa karatasi, anarudisha, anafunga, safi. Kisha anamwita mama, na mama anashindwa. Karatasi inakaa kwenye chuma kimoja na kukataa cha pili. Anasukuma kidogo, inachanika kwenye tundu.

"Lakini iko sawa," baba alisema. "Mimi nimefungua sasa hivi."

"Baba," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, "wewe una mikono miwili."

Baba akachukua leso ya mama kwenye kamba, akanipa nimfunge mkono wa kulia mgongoni. Nilimfunga kwa moyo mmoja. Akaliendea faili. Alihangaika nalo mpaka jasho likamtoka, karatasi zikatawanyika sakafuni, na akasema maneno fulani ya kwao ambayo sisi watoto tulikatazwa kuyajua. Mama alikuwa kitini mlangoni. Akaanza kucheka, mdomo umeenda upande, mabega yanatikisika, akacheka mpaka akashika kifua. Tangu augue nilikuwa sijasikia kicheko kile. Baba, mkono bado umefungwa, alijitia amekasirika.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya hapo alifanya kazi akiwa amefungwa leso, na mambo yakabadilika. Kijiti cha faili alikiunga na waya wa breki ya baiskeli, waya ukapita chini ya meza mpaka kwenye kanyagio alilolitengeneza kwa ubao, kama la cherehani. Ukikanyaga, vyuma vinaachana. Ukiachia, springi inavirudisha, na kikomeo kidogo kinajifunga chenyewe. Pembeni alitia kingo mbili nyembamba za mbao; karatasi ukiiegemeza hapo, matundu yanakwenda kuvikuta vyuma bila kuongozwa. Alipomaliza aliligeuza faili juu chini, limejaa, akalitikisa mbele yetu. Haikuanguka hata karatasi moja.

Mama alikanyaga kwa mguu wa kushoto, akatoa wimbo, akarudisha. Akarudia. Siku chache baadaye alikuwa anafanya haraka kuliko mimi. Mimi nilirudi Kasese nimetulia, nikawasimulia wateja wasioniuliza.

Wiki ya mavuno niliporudi, basi lilikaa Kikorongo mpaka wauza mahindi wakaishiwa, na nilifika nyumbani nina njaa na hasira tayari. Nikakuta baba anatia mafuta springi ambayo haikuhitaji mafuta.

"Mama yako hataki kwenda," akasema bila kuinua macho. "Sijui nimekosea wapi."

Niliingia ndani. Nilianza kwa kubembeleza, nikamaliza kwa kufoka, kama kawaida yangu. Kwamba mzee wake amehangaika. Kwamba afande anangoja. Kwamba mashine inafanya kazi.

"Mashine iko mzuri," mama alisema. "Mwambie mzee asiiguse tena, ataiharibu."

"Sasa nini?"

Aliutazama mkono wake wa kushoto uliolala juu ya goti.

"Nikitoa karatasi, nitawapa na nini?"

Nilikaa chini. Muda wote ule tuliongea habari ya kufungua na kufunga, waya na springi, na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba karatasi ikishatoka inapewa mtu. Kumpa mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto! Mbele ya kanisa! Mimi mwenyewe mteja akininyooshea pesa kwa kushoto namwacha mkono ukining'inia mpaka ajirekebishe, na aliyenifundisha ni huyu huyu, kwa kunichapa vidole. Ningemwambia nini?

"Mungu haangalii mikono," nilisema.

"Mungu haangalii. Yule bibi ya Kyondo anaangalia."

Bibi wa Kyondo ndiye mkubwa kuliko wote katika kwaya, hushuka kutoka mlimani kila Jumapili, na macho yake hayapitwi na kitu. Mtoto akimsalimia amesimama wima, anamrudisha nyuma aanze upya. Mama alikuwa anamheshimu na kumwogopa kwa kiasi kile kile.

Nilimweleza baba. Alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena. Niliona macho yake yamelowa, na nikatazama kando. Kisha akasema, "Basi asiwape. Wachukue wenyewe."

Akaigeuza kazi yote. Faili likawa linawatazama waimbaji, kanyagio likabaki upande wa mama, waya ukarefushwa. Mama angekanyaga tu. Faili lingefunguka, mwimbaji angechukua karatasi yake kwa mkono wake mwenyewe, na wimbo ukiisha angeirudisha kwa kufuata kingo zile zile. Mkono wa mama usingegusa kitu. Mama akasema atakwenda. Sikumwona akifurahi, lakini alinituma nikampigie pasi gauni lake la gomesi.

Jumapili kanisa lilijaa ndizi, kahawa, maboga na mbuzi mmoja aliyekuwa na maoni yake kuhusu kila ombi. Tuliweka meza kando ya kwaya. Mama alisimama nyuma yake na fimbo yake, mkono wa kulia tumeutuliza kwenye kitambaa shingoni.

"Kwaya!" afande akaamuru. "Mustari moja! Chukua karatasi!"

Walipita. Mama akakanyaga, faili likafunguka, mtu akachukua. Akaachia, likafunga. Tena, na tena. Watu walinyoosha shingo kuona. Baba alikuwa amekaa kando yangu amekunja mikono, anajitia hamnazo, lakini kila faili lilipofunguka kisigino chake kiligonga sakafu.

Bibi wa Kyondo alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Alifika, mama akakanyaga, faili likafunguka. Bibi hakuchukua. Alisimama tu.

"Chukua, bibi," afande akamhimiza.

"Mimi hapana jichukulia," bibi akasema, na sauti yake haijawahi kujua kunong'ona. "Kujidonolea ni kazi ya kuku. Siku yote huyu ananipa. Na leo anipe."

Kanisa lilinyamaza, hata mbuzi. Mama aliinamisha kichwa.

"Mkono ni ya kushoto, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Naona. Kwani nimekuwa kipofu? Ingine uko nayo?"

Mama akatikisa kichwa.

"Basi nipe na ile uko nayo."

Mama aliegemeza fimbo kwenye meza, naye akaegemea hapo hapo. Faili lilikuwa bado wazi, mguu wake haujaachia. Akatoa karatasi kwa mkono wa kushoto na kuinyoosha. Bibi alishika ukingo wa meza kwanza, akakunja magoti yake polepole, kama mwanamke anavyokunja goti mbele ya mkubwa wake, kisha akaipokea kwa mikono yote miwili.

"Wasingya," akamshukuru kwa lugha ya kwao, akaenda kwenye nafasi yake.

Nilidhani wimbo utaanza. Afande aliitazama karatasi aliyokuwa ameshika. Akarudi mezani, akaichomeka ndani ya faili, akasimama wima na kunyoosha mikono miwili. "Mama, nipe." Nyuma yake mwingine akatoka kwenye mstari, na mwingine, mpaka kwaya nzima ikawa inarudisha karatasi na kupanga foleni upya. Mchungaji aliketi. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujali nani ananiona.

"Pole, baba," nilimnong'oneza. "Kazi yako imepita bure."

"Bure?" Hakunitazama. "Angalia mguu."

Nilipotazama chini ya meza nikauona mguu wa mama, kiatu cha Jumapili juu ya kanyagio, ukishuka na kupanda kwa kila mtu.

Jioni ile mama alilalamika kwamba mkono wa kushoto unamwuma kwa kazi. Alilalamika tulipokunywa chai, akalalamika jirani alipopita, na kabla ya kwenda kulala akaniita niukande kwa maji ya moto.