Kazi Yangu ya Kuanguka kwenye Theluji

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na sandali. Ilikuwa Umbilo, hapa Durban, miaka ya tisini ikielekea mwisho, kwenye karakana ya pikipiki nyuma ya maduka ya barabarani. Fundi anayejiheshimu havai sandali karakanani, hilo nililijua tangu nyumbani Same, lakini viatu vyangu vilikuwa vimelowa mvua na sikuwa na vingine. Mkurugenzi, Mhindi wa Overport aliyerithi karakana kwa baba yake, aliniangalia miguu kwanza, kisha pasipoti.

"Kilimanjaro," alisoma. "Umezaliwa Kilimanjaro?"

"Mkoa wa Kilimanjaro, bosi."

"Sharp. Basi theluji unaijua, bru," akasema, maana huku "sharp" ni safi na "bru" ni ndugu.

Hapa niseme vizuri. Same iko mkoa wa Kilimanjaro, ni kweli, lakini Same ni joto, vumbi na mkonge. Theluji nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, siku mawingu yakiwa hayapo, kama anavyoiona abiria wa basi la Arusha. Nilifungua mdomo nimwambie. Simu ikalia, akaenda kuipokea, na mimi nikanyamaza. Sikudanganya, ila sikumsahihisha, na kazi nikapata.

Nyuma ya turubai alikuwa na pikipiki nne za theluji, kuukuu, alizoagiza ng'ambo. Kwa vijana ambao hamjaziona: hazina magurudumu. Mbele zina skii mbili, mfano wa mbao ndefu zilizopinda ncha, ndizo zinazoongozwa na usukani. Nyuma kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno, unazunguka kama mnyororo wa katapila. Mafuta unatoa kwa kubonyeza kwa gumba la kulia, huzungushi mshiko kama pikipiki tulizozoea. Mpango wa Mkurugenzi ulikuwa kupeleka wateja milima ya Lesotho wakati wa kipupwe, theluji ikidondoka, na kuwafundisha kuendesha huko kusikokuwa na njia iliyochongwa.

Alitaka kwanza azione zikienda. Tukaipeleka moja Chatsworth, kwenye kiwanja cha majani nyuma ya nyumba ya binamu yake, akaniambia niizungushe. Sikujua, na yeye hakujua, kwamba mkanda ule unateleza juu ya reli za plastiki, na kinachozipoza reli ni theluji yenyewe inayorushwa na mkanda. Pasipo theluji zinayeyuka. Kabla sijafika upande wa pili harufu ilikuwa ya ndoo ya plastiki iliyoangukia jiko, na mashine ikaganda. Watu walikuwa wametoka kwenye nyumba zao kutazama.

"Uncle," kijana mmoja aliniita kutoka ukutani, "boti lako limekwama."

Tuliisukuma wote mpaka kwenye gari. Mkurugenzi hakunigombeza. Alinituma yeye, lakini gumba lilikuwa langu, na fundi alitakiwa kulifikiria hilo kabla ya kuwasha moto.

Kituo changu cha pili kilikuwa juu mlimani, kwenye banda la mabati na mawe ambalo kampuni ililikodi upande wa Lesotho. Huko aliyetawala alikuwa Kiongozi Mkuu, mwanamke wa Kanada aliyekulia kwenye pikipiki hizo. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, na neno lake halikurudiwa. Asubuhi ya kwanza alinikuta nimekaa vizuri juu ya kiti, nimeshika usukani, namsubiri.

"Kiti hicho unakaa ukiwa unakula mkate," alisema. "Mlimani tunasimama. Na wewe mtu wa Kilimanjaro, mbona unaigusa theluji kama bibi harusi wa kuletewa?"

Nilimweleza habari ya Same. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema nimefanya vema kumwambia yeye kabla theluji haijamwambia.

Ufundi mkubwa wa pikipiki hizi ni kukata ubavu, maana yake kuvuka mteremko kwa upande bila kupanda wala kushuka. Mlima ukiwa kushoto kwako, usukani unaupeleka kulia, kuelekea bondeni, huku mwili wote unaulaza kushoto, mguu wa kushoto ukibeba uzito na goti la kulia likiwa juu ya kiti. Pikipiki inalalia upande wake wa mlimani, skii ya bondeni inanyanyuka, na hapo ndipo inapokwenda sawa. Kichwa chote kinakataa. Kichwa kinasema geuza usukani kwenye mlima, ukigeuza hivyo unabiringishwa.

Mlima ukiwa kulia nilijifunza upesi. Ukiwa kushoto nilianguka. Nilianguka msimu wote wa kwanza na sehemu kubwa ya wa pili. Nikijilaza kushoto mkono wa kulia ulinyooka, gumba likalegea, moto ukapungua, mkanda ukaacha kuuma theluji, na mimi chini. Kiongozi Mkuu alinitazama siku kadhaa, kisha akanipangia kazi. Wateja wakija, yeye angeonyesha namna ya kufanya, halafu mimi ningeonyesha namna ya kutofanya.

"Mwangalieni Eliudi," alikuwa akiwaambia. "Mwangalieni gumba lake. Sasa, mnaona?"

Na mimi puu, theluji mpaka masikioni. Walicheka, na walijifunza kweli. Sitamnyima haki yake: aliniambia faraghani kwamba mimi nafundisha kuliko yeye, kwa sababu yeye akionyesha wanadhani ni rahisi. Lakini kuna maanguko niliyoagizwa na kuna mengine sikuagizwa, na wateja hawakuweza kutofautisha, na mimi sikuwaeleza.

Huku Umbilo nilikaa chumba kimoja na Kalonji, kinyozi, mtu wa Uvira, Kongo. Yeye peke yake ndiye niliyemweleza kazi yangu ilivyo. Nyumbani Same niliandika kwamba ni fundi, basi.

"Ngoja nisikie muzuri," Kalonji alisema. "Mie nikikosea kichwa ya mutu, anakatala kulipa. Weye unakosea, banakulipa?"

"Ndiyo hivyo."

"Na kule iko baridi?"

"Sana."

"Eish. Basi ubaki na kazi yako, mukubwa. Mie nabaki na vichwa."

Lilikuwa neno la utani, nami nilicheka naye. Ila nilipolala niliona uso umepata moto. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na mkate wangu ulitokana na kuchekwa.

Kwa hiyo msimu wa tatu nilijifunza kwa bidii. Wateja walipokuwa wakinywa kahawa mimi nilikuwa nje. Kiongozi Mkuu alinipa mambo ambayo nawapa na ninyi, maana ni kweli mpaka leo. Macho yaangalie unakokwenda, yasiangalie skii, kwa sababu mashine inafuata macho. Gumba libonyeze kwa vipande vidogo, toa, rudisha, toa, usikamue mara moja. Ukikwama usijaze moto, unajichimbia kaburi. Zima, kanyaga theluji ya mbele iwe ngumu, ilaze mashine ubavu, ndipo uondoke. Na pale juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopangwa Durban itazidiwa na petroli. Badilisha jeti, kitundu kile kinachopimia mafuta, uweke kilicho kidogo zaidi. Hilo la jeti sikumhitaji mtu kunifundisha.

Siku moja nilivuka mteremko wote, mlima ukiwa kushoto, nikarudi bila kuanguka. Hakuna aliyeniona. Niliurudia Kiongozi Mkuu akiwa mlangoni na kikombe.

"Haya," alisema.

Wiki ileile alijitegua mgongo akinyanyua mashine. Banda lilikuwa na wateja wanne, daktari wa meno wa Johannesburg na wenzake watatu. Theluji ilikuwa imeshuka nyingi na upepo ukaihamisha usiku kucha. Jioni aliniita.

"Kesho utawaongoza wewe. Wafikishe tuta la juu, uwarudishe. Ukifanya hivyo, msimu ujao wewe ni Kiongozi. Utakuwa na kikundi chako, na wa kuanguka atafutwe mtu mwingine."

Mjue niliutamani vipi ule uongozi. Mshahara ulikuwa na nafasi yake, lakini zaidi nilitaka mtu asimame nyuma yangu akanyage nilipokanyaga.

Tulitoka asubuhi. Kila mmoja alikuwa na koleo, fimbo ya kupimia kina, na kifaa cha kutafutia mtu aliyefukiwa, kilichofungwa kifuani chini ya koti. Niliwaeleza kwamba mteremko mkali anaupita mtu mmoja kwa wakati, wengine wanamtazama kutoka mahali salama. Walinisikiliza kwa adabu. Ila wiki nzima walikuwa wameniona nikianguka, na wakati wa kufunga kofia nilimsikia mmoja akiuliza kama leo pia kuna maonyesho.

Tuta la juu lilifikiwa kwa kupita kando ya mteremko mmoja uliojaa theluji ya upepo, laini machoni kama shuka iliyopigwa pasi. Nilianza mimi. Mlima ulikuwa kushoto na mashine ilikwenda vizuri. Nilipopunguza moto ili niutazame mteremko, nilisikia sauti chini yangu. Duu. Kama gunia la unga lililotupwa chumba cha pili. Kiongozi Mkuu alikuwa ametufundisha maana yake: theluji ya juu imekaa juu ya tabaka dhaifu, na tabaka limekubali kuvunjika. Ukiisikia, rudi. Theluji ikiporomoka hapo haichagui mtu.

Niligeuza polepole nikarudi walipo, nikazima mashine.

"Mmesikia?"

"Kusikia nini?" aliuliza daktari.

"Sauti. Kama mguno, ardhini."

Walitazamana. Mashine zao zilikuwa zikinguruma. Nikawaomba wazime. Kimya. Nilitafuta ufa juu ya theluji na nikaona mstari, lakini ungeweza kuwa alama ya skii yangu mwenyewe. Simu ya upepo ya kumwita Kiongozi Mkuu haikushika nyuma ya bega la mlima.

"Tunarudi," nikasema.

"Rafiki yangu," daktari alisema, kwa upole, sitasema alinitukana, "njia unaiona ile pale. Umeivuka sasa hivi."

"Nusu."

"Mwache," alisema mwenzake. "Leo hajisikii kuanguka."

Wakacheka, na wakanifuata kwa sababu hawakuwa na mwingine wa kumfuata. Njia nzima sikugeuka nyuma.

Jioni Kiongozi Mkuu alinisikiliza akiwa amelala chali sakafuni, kwa ajili ya mgongo.

"Uliisikia kweli?"

"Nadhani."

"Sikuulizi unadhani nini. Niambie kwa hakika uliisikia, nami nitasimama mbele yao niseme Eliudi amefanya kazi ya Kiongozi."

Neno lilikuwa mdomoni. Ndiyo, ningesema, na yangekwisha hapo. Lakini kuna jambo nilikuwa nalo ambalo yeye hakulijua. Hofu ilinishika kabla ya sauti. Nilipoukaribia mteremko, wote wanne nyuma yangu, tayari nilikuwa nikitafuta sababu ya kugeuza. Halafu ndipo nikasikia. Mtu anayetafuta sababu anaweza kuisikia.

"Sina hakika," nikasema.

"Ulifanya sawa kugeuza bila hakika," alisema. "Lakini mimi siwezi kuwaambia watu kitu ambacho wewe mwenyewe hukisemi."

Kesho yake alijifunga kitambaa kiunoni akaamka. Alikwenda pembeni ya ule mteremko, akachimba shimo, akasoma matabaka kwa kidole, akapigapiga kwa koleo. Niliuliza anaona nini. Alisema kuna tabaka asilolipenda, lakini ameshaona mabaya zaidi. Akawavusha mmoja mmoja, mimi nikisimama pembeni, mahali salama, na koleo mkononi. Daktari alifika tuta la juu akanyanyua mikono. Theluji haikuporomoka. Wala siku ile, wala siku zilizofuata.

Labda usiku ule ilikuwa imekaza. Labda tulikuwa na bahati siku zote mbili. Labda hapakuwa na sauti. Nimezigeuza hizo labda miaka mingi na hakuna iliyokubali kuwa nzito kuliko nyingine.

Wateja waliondoka wakitushukuru, na walimwomba Mkurugenzi wakirudi wapewe mtu mwingine. Alinieleza mwenyewe, tumesimama kwenye robot, taa za kuongozea magari, ya Umbilo Road, ikiwa nyekundu, bila kuniangalia. "Siyo mimi, bru," alisema, nami naamini hakuwa yeye. Uongozi sikuupata. Niliendelea kuanguka mbele ya watu misimu iliyobaki, mpaka theluji ilipokuwa haba na mashine zikauzwa. Baada ya hapo nilitengeneza pikipiki za kawaida hadi nilipostaafu. Sijaajiriwa tena kwa kuchekwa, nashukuru.

Vijana wakija kuniuliza kuhusu kazi ile nawapa ya gumba, ya macho, ya jeti, nayo nawapa bila kusita. Wakiuliza mtu anajuaje wakati wa kurudi, nawaambia niliyofundishwa: sauti, ufa, upepo wa usiku. Halafu sauti yangu inapungua, na wao wanadhani nimechoka.

Kalonji bado ananinyoa, ingawa kichwani kumebaki kidogo. Mwezi uliopita aliniuliza, wembe ukiwa shingoni kama kwa vinyozi wa kale.

"Bakikurudisha leo pale pale, na bale bazungu nyuma yako, utafanya nini?"

"Nitageuza."

"Na haya ya kuchekwa?"

"Nitageuza nayo."

Aliufuta wembe, akaniinamisha kichwa, akaendelea kunyoa.