Namba ya Mama

Wiki jana, nikiwa Kitale, nilimwona mzee akijaza tiketi ya bahati nasibu, nikamkumbuka baba katika duka la Kanduyi lililonuka mafuta ya taa na sabuni.

Tulikuwa watu sita nyumbani, na baba alicheza tarehe zetu sita za kuzaliwa. Mama alikuwa ameenda Kitale kwa dada yake tangu mvua zianze.

Alasiri moja nikiwa naye dukani, mwenye duka alimwambia, "Baba Nekesa, mchezo umebadirika bana. Siku hizi ni namba tano tu."

Mvua ikigonga mabati, baba akakata namba ya mama.

Mimi niliamini kwamba asiye na namba hangeweza kurudi nyumbani. "Baba, si ukate yangu," nikamnong'oneza. "Mama asikose."

Baba akairudisha ya mama, akakata yake mwenyewe.

Nilifika nyumbani nikafagia chumba chao, nikimngoja mama. Sasa najua alikuwa ameshasema harudi, na baba alikosa maneno ya kutuambia. Nilikifagia chumba kile kila Jumamosi mpaka nikamaliza shule ya msingi.