Mheshimiwa Mwenye Kofia ya Gunzi

Je, ni mimi niliyemzeesha mdogo wangu? Swali hilo lilininyima usingizi siku nne mfululizo.

Huku Mashimoni maji yakikatika, mitungi ndiyo hupanga foleni. Sisi wenyewe hukaa kivulini. Mtungi wetu ulipoteza kifuniko zamani, tukauziba kwa gunzi la mahindi. Mdogo wangu alipokuwa na miaka mitano tuliupa cheo cha Mheshimiwa, kwa sababu ya kofia, na kwa sababu mara nyingi ulikuwa mtupu. Mimi nilikuwa sauti yake: "Wananchi, maji yanakuja leo!" Yeye alikuwa sauti ya mitungi mingine yote: "Ulisema hivyo jana!"

Sasa mdogo wangu ni msichana wa miaka kumi na mitatu. Jumanne, nikipiga pasi shati la kwenda kwenye mahojiano ya kazi Kawangware, aliuinua mtungi mlangoni akauliza, "Bro, Mheshimiwa ana hotuba gani leo?"

"Acha utoto," nikamjibu.

Kazi sikupata. Naye tangu siku hiyo anabeba mtungi kama mtungi tu.

Nikawaza mpaka kichwa kikauma. Hatacheka tena. Ataolewa na mtu wa bima. Nilianza hata kumwandikia barua, "Yah: Ombi la Kurejeshwa kwa Mheshimiwa", nikaichana kwa sababu sikujua nimweke nani kama mdhamini.

Jumamosi foleni ilifika hadi kona. Nikihutubia mbele ya hawa wote, nani atanipa kazi? Lakini nikinyamaza, nani amenipa? Nikatoka kivulini, nikachuchumaa nyuma ya mtungi wetu.

"Wananchi, maji yanakuja leo!"

Vichwa vyote kivulini vikageuka.

"Woi! Na vile amesoma," akasema mama anayeuza omena.

Mdogo wangu alijifunika uso kwa viganja. "Bro, wacha. Unaniaibisha."

Nikaendelea. "Na kila mmoja wenu atapata kifuniko kipya!"

Sauti nyembamba ikatoka nyuma ya viganja. "Mheshimiwa, kwetu kuna kijana ana digrii na analala mpaka saa nne. Huyo umempangia nini?"

Foleni nzima ikapiga makofi. Nikalizungusha gunzi polepole ili Mheshimiwa aonekane anafikiri, kisha akaahidi kuunda tume.