Sufuria ya Aikande Mnadani

Zamani Arusha haikuwa na ukumbi wa kulaza wasio na kwao, kwa sababu hapakuwa na mtu asiye na kwao. Nyumba yako ikiungua, ukoo uligombania kukulaza. Siku hizi watu wanajenga kuta, wanapanga vipande vya chupa juu yake, halafu Jumapili wanaimba upendo. Ndiyo maana yupo Aikande.

Ni mjane wa Kichaga kutoka Machame, aliyeuza ndizi sokoni tangu ujana. Masika yalipobomoa vyumba vya kando ya mto pale Daraja Mbili, alimwomba mchungaji ufunguo wa ukumbi wa usharika, akatandika magodoro, akaleta sufuria yake. Ufunguo hajaurudisha hadi leo. Na sufuria hiyo ndiyo jiko lote: mbuzi mzima anaingia na nafasi ya kugeuka anapata.

Jumapili ya mavuno manyunyu yalianza asubuhi. Aikande alibeba sadaka yake ya ndizi ndani ya sufuria, akaiweka mbele ya madhabahu, kati ya mahindi na kuku wa wenzake. Alikusudia kumimina ndizi ibada ikiisha na kuondoka na chombo chake. Lakini wimbo wa mwisho ulipoanza akakimbilia kuwasha moto, maana wageni wa ukumbini walikuwa hawajala.

Huko nje mnada wa sadaka ukaanza. Mwinjilisti Ephraimu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, aliinua sufuria na vilivyomo.

"Ndizi na nyumba yake! Nani anamtolea Bwana?"

Mzee Loishiye, mfugaji wa Ngaramtoni, huenda mnadani kama vijana waendavyo mpirani. Alikwisha kununua kondoo dume. Sasa kila aliyetaja bei, yeye aliipita huku akirukaruka na fimbo, na akina mama wakimpigia vigelegele.

Aikande alirudi na mwiko mkononi. Akamkuta mzee amefunga ndizi kwenye shuka, na sufuria ameivaa kichwani kujikinga na mvua.

"Shikamoo, baba. Hiyo ni yangu!"

"Marahaba. Hii nimeuziwa na Mungu."

"Iliingia kwa bahati mbaya!"

"Mchaga katoa kitu kwa bahati mbaya! Jamani, muujiza wa leo ndio huu!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mchungaji aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Nikurudishie hela yako, baba."

"Kilichofika madhabahuni hakirudi kwa mwenyewe. Unataka nipeleke laana bomani kwangu?"

Hapo hakuna aliyebisha. Sheria hiyo kila mtu anaijua. Mlangoni mwa ukumbi wageni walikwisha kujipanga na sahani. Bibi Sabina, ambaye mto ulimchukulia kila kitu hadi kitanda, alikuwa akigonga yake kwa kijiko.

Aikande aliwatazama, kisha akamgeukia mzee.

"Sawa, sufuria ni yako. Sasa niambie, kwenu Waarusha, wageni wakishinda na njaa mbele ya sufuria ya mwanamume, aibu ni ya nani?"

Loishiye akaivua sufuria taratibu, kama mtu avuavyo kofia msibani.

"Wageni wangu?"

"Ndio hao. Wana sahani tayari."

"Ephraimu! Nifungulie yule kondoo!"

Mzee akavua koti la ibada, akachinja. Akakata magome ya dawa ya kutia kwenye supu kutoka mti wa uani, akachemsha supu kama walivyochemsha wanaume enzi za babu zao, na Aikande alipousogeza mwiko wake alifukuzwa.

"Toka! Supu ya nyama haipikwi na mwanamke!"

Kwa mara ya kwanza katika jiko lake mwenyewe, Aikande alichukua sahani akasimama foleni, nyuma ya Bibi Sabina. Sufuria ni ya Loishiye mpaka sasa. Kila Jumapili huja kuikagua, na mwenye sufuria haji mikono mitupu.

Siku ile supu ilichelewa. Foleni nzima iligonga sahani, na aliyegonga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Aikande.

"Mpishi! Tunakufa njaa huku!"