Ngozi Chini ya Landrova

Barua ya mdogo wangu niliisoma kwa sauti mara tisa, na mara zote tisa mama hakuniamini. Ilikuwa imeandikwa na askari mwenzake, kutoka hospitali kubwa Mwanza: yuko hai, amevunjika mguu, na mwisho wa wiki ijayo atapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu zaidi. Vita vilikuwa vimekwisha, na sisi huku Ngara hatukuwa tumepata hata salamu zake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akachukua jembe.

"Unanisomea unachotaka nisikie," alisema. "Wewe tangu utoto, ukiona panya unasimulia tembo."

Hapo alisema kweli. Nilikuwa na cheti changu cha masomo ya jioni ya watu wazima, na bado nilikuwa nikisimulia kwamba tulisoma watu elfu moja katika banda la watu thelathini. Nikaona hakuna dawa ila kumpeleka Mwanza akamwone mwanawe kwa macho yake, kabla hajahamishwa. Maana Dar es Salaam, kwa sisi wa wakati ule, ilikuwa jirani na mwezi.

Mabasi hayakuwepo. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na landrova moja, kuukuu kiasi kwamba nadhani Nuhu aliikataa safinani. Mwenyekiti alituruhusu kuitumia na akatutafutia kibali cha petroli wilayani, ila matengenezo yakawa juu yetu. Fundi alikuwa mzee mmoja kutoka Burundi aliyelima jirani na sisi, dereva wa trekta wa zamani. Alilala chini ya gari asubuhi nzima, nikadhani amesinzia.

"Mzee, shikamoo. Inasemaje huko?"

"Marahaba. Injini nzima. Breki za kuombea dua. Tangi linavuja." Akajisogeza kuelekea nyuma. "Na springi ya nyuma imekatika."

Tangi tuliliziba kwa sabuni ya mche, tukiisugua kwenye ufa mpaka petroli ikakoma kudondoka. Mwaka ule sabuni ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Shangazi zangu walifua kwa majivu kwa ajili ya tangi lile. Lakini springi haizibwi kwa sabuni, na vipuri, kama vilikuwepo nchini, vilikuwa vimekwenda vitani.

"Nitafutie ngozi mbichi ya ng'ombe," alisema fundi. "Isiyotiwa chumvi. Ikikauka inabana kuliko chuma."

Msukuma mmoja aliyehamia kwetu na ng'ombe wake alikuwa amechinja, akatupatia nusu ya ngozi. Fundi aliikata kamba ndefu, akaweka kipande cha mti mgumu juu ya pale palipokatika, akazungusha na kuvuta huku mguu wake umekanyaga ekseli kama anayemfunga mgonjwa. Siku tatu za jua, akasema, na landrova itafika hata Misri.

Sasa, kijijini kwetu asubuhi kila mtu alitakiwa shamba la ujamaa, mwenye gari na asiye na gari. Tukaenda wote. Mbwa, kwa bahati mbaya, hawakuwa wanachama. Tuliporudi mchana tuliwakuta sita chini ya landrova, na springi imeshaliwa. Mmoja alinitazama huku akilamba midomo, kana kwamba mimi ndiye nimechelewa chakula.

Nilirudi kwa yule Msukuma nimeinamisha kichwa.

"Springi imeliwa na mbwa," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, magari ya wenzenu yanakunywa petroli, lenu linalisha mbwa!" Kisha akaingia ndani, akatoka na nusu iliyobaki, aliyoitunza ya kutandika kitandani. "Chukua. Mimi nitalala kwenye mbao. Mama akamwone mtoto."

Fundi alifunga upya. Tulikuwa tumebakiwa na siku tano: tatu za kukausha, mbili za njiani. Mama alileta kigoda na fimbo, akakaa kando ya gurudumu la nyuma.

"Mama, njoo basi kivulini."

"Ngozi inataka jua. Nami nimekaa nayo."

Siku tatu mbwa hakusogea karibu, wala kuku, wala mwenyekiti. Usiku alilala ndani ya landrova. Mtu asiyeamini kwamba mwanawe yuko hai aliilinda ngozi ile kuliko ng'ombe mwenyewe alivyoilinda.

Tuliondoka fundi akiendesha. Ngozi ililia kila shimo, na kutoka Ngara hadi Biharamulo nilihesabu mashimo milioni mbili nikaacha. Tulichoogopa ni mvua, maana ngozi ikilowa inalegea. Biharamulo wingu likatanda jeusi. Mama akashuka, akaivika springi majani ya mgomba, akaifunga vizuri kama mtoto wa mgongoni. Mvua ilitufuata nyuma siku nzima kama polisi, lakini haikutupata. Kivukoni, kabla ya kuingia Mwanza, fundi alichungulia chini, akagonga ngozi kwa spana. Ikalia kavu, ko, ko.

Tulifika hospitalini siku moja kabla ya safari yake ya Dar es Salaam. Mdogo wangu alikuwa kitandani, mguu ndani ya plasta, amekonda, anacheza karata. Mama alimshika sikio kwanza, akalivuta kwa nguvu.

"Mama, unaniumiza!"

"Ndiyo," alisema mama. "Ndiyo, baba yangu. Lia tena."

Kisha akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa ukingoni mwa kitanda, akasinzia papo hapo. Muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Nesi akaja na kengele, akamwona, akaishika kengele isilie, akawatoa watu wengine wote kwa kuwanong'oneza mmoja mmoja.